Mwanafunzi kaniuliza kama Sophie Germain alidanganya. Mngemjibu vipi?

Mwalimu_Langoni

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nafundisha hesabu gredi ya saba na ya nane hapa Lamu kisiwani. Kila Jumamosi baada ya adhuhuri nakaa na wasichana kumi hivi, chumba cha juu chenye madirisha mawili yanayotazama paa za makuti na punda wa jirani, ambaye hulia kila tukifika kwenye aljebra. Hakuna mtaala wala mtihani. Tunachezea namba, tunakula mahamri, saa kumi tunatawanyika.

Jumamosi iliyopita nikasema leo hatufanyi hesabu, leo hadithi. Nikawapa ya Sophie Germain. Kwa asiyemjua naieleza kidogo, maana swali langu linatoka humo.

Alizaliwa Paris tarehe 1 Aprili 1776, baba yake mfanyabiashara wa hariri. Mwaka 1789, ana miaka 13, mji ukawaka moto wa mapinduzi, gereza la Bastille likavamiwa, mtoto akazuiwa kutoka. Hapo wasichana wangu hawakuhitaji ufafanuzi. Kuwekwa ndani wanakujua kwa bibi zao. Basi humo ndani mlikuwa na maktaba ya baba, na katika kitabu kimoja akakuta habari ya Archimedes, Mgiriki aliyekuwa amezama katika mchoro wake hata hakumjali askari wa Kirumi aliyemsimamia, akauawa hapo hapo. Mtoto mwingine angeogopa. Yeye akaona kwamba elimu inayoweza kumteka mtu kiasi hicho ndiyo ya kuitafuta.

Wazazi hawakutaka. Usiku wakamnyang'anya mishumaa, wakazima moto wa chumbani, wakamchukulia na nguo za joto ili asitoke kitandani. Akaficha vipande vya mishumaa, akajizungushia mablanketi, akasoma. Asubuhi akakutwa amelala mezani na wino umeganda chupani. Hapo darasa likapasuka kwa kicheko. Wino kuganda! Sisi umeme ukikatika hata maji ya friji hayagandi. Ilinibidi nieleze baridi kwanza ndipo turudi kwenye hisabati.

Wazazi walisalimu amri. Akajifundisha Kilatini mwenyewe ili amsome Newton na Euler. Mwaka 1794 kikafunguliwa Paris chuo cha École Polytechnique, na wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Lakini maandishi ya mihadhara yalipatikana, na mwanafunzi aliweza kumpelekea mwalimu maoni yake kwa karatasi. Sophie akayatafuta, akasoma, akapeleka yake kwa jina la mwanafunzi wa kiume aliyekuwa ameuhama mji: Antoine-Auguste Le Blanc. Mwalimu alikuwa Lagrange, jabali la hisabati la zama zile. Kazi ikampendeza, akataka kuonana na huyo Le Blanc uso kwa uso. Siri ikatoka. Bahati nzuri hakukasirika. Akawa mtu wa kumtia moyo.

Na jina lile lile akalitumia tena kuanzia 1804, kumwandikia mwanahisabati Gauss kule Ujerumani. Wakaandikiana. Majeshi ya Napoleon yalipouteka mji wa Braunschweig alikokuwa akiishi Gauss, Sophie akahofia yasimpate ya Archimedes, akamwomba jenerali Pernety, rafiki wa familia yao, amlinde. Afisa akabisha mlangoni kwa Gauss na kumwambia ametumwa na bibiye Germain wa Paris. Gauss akasema simjui. Ikabidi Sophie aandike barua ya kujifunua. Gauss akamjibu mwaka 1807 kwa heshima kubwa, kwamba mwanamke anayekivuka kila kikwazo alichowekewa na desturi, akafika kwenye kina cha elimu hii, hana budi kuwa na ushujaa na kipaji cha pekee.

Nikaishia hapo nikidhani nimewafurahisha. Wakati wanavaa viatu, yule mdogo wao, anayekaa karibu na mlango ili awahi madrasa, akanisogelea akaninong'oneza sikioni: "Mwalimu, lakini si alidanganya? Mbona tunamsifu mwongo?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikamwambia nitakujibu Jumamosi. Leo ni Jumatano.

Mngemjibu vipi? Naomba tu msinipe jibu la "ilibidi". Hilo nimelisikia kwa kila mtoto niliyemkamata na karatasi ya mtihani kwenye soksi.

Nahodha_Mstaafu

Kaka mwalimu, alaykum salaam. Kabla ya swali lako nina langu. Kwa nini Mfaransa? Pate iko hapo, Siyu iko hapo. Mwana Kupona aliketi na maradhi yake akamtungia binti yake utendi ambao mpaka leo mabibi wanausoma, na kila mtu anajua umetoka kwake. Hakujificha nyuma ya jina la mume, na mume alikuwa mkubwa wa Siyu. Wasichana wa Lamu wana wao. Wewe unawapeleka Paris wakaone wino ulioganda.

Mwalimu_Langoni

Nahodha, shikamoo. Mwana Kupona wanamjua, tena wawili kati yao wanazo beti zake kwa moyo. Wasichowahi kusikia ni mwanamke aliyetajwa kwa hesabu. Nilipowauliza mwanahisabati ana sura gani, wakanichorea mzee mwenye ndevu. Mmoja alimchora akiwa na kanzu, nikamshukuru kwa hilo angalau.

Halafu, kwa heshima, naona umelinganisha visivyolingana. Mwana Kupona alimwandikia mwanawe. Barua ya mama kwa mwana haina mlinzi mlangoni. Sophie aliwaandikia wanaume wasiomjua, kwenye chuo kilichomfungia.

Na si zamani sana. Alipopewa tuzo yake ya hesabu mwaka 1816, Ngome yetu hapo Mkunguni ilikuwa bado inajengwa.

Ustadh_Shela

Ndugu mwalimu, huyo mtoto mshikilie. Anayeuliza mbona tunamsifu mwongo amelelewa.

Umetaja wanaonakili mtihani. Hebu uweke mfano huo mbele yake na umwache auangalie. Anayenakili anatia jina lake juu ya kazi ya mtu mwingine. Huyu bibi alitia jina la mtu mwingine juu ya kazi yake mwenyewe. Vimepishana kama mtu anayeingia na anayetoka. Wa kwanza anachukua asichostahiki. Wa pili anaacha anachostahiki, sifa, ili kazi ipite. Uongo upo, siwezi kusema haupo, jina halikuwa lake. Lakini muulize mtoto: nani alidhulumiwa? Lagrange alipata karatasi nzuri ya kusoma. Gauss alipata mtu wa kuandikiana naye, tena aliyemlinda.

Anayebaki ni yule kijana Le Blanc. Alikuwa mtu wa kweli, na jina lake lilitumika hayupo. Je, kama kazi ingekuwa mbovu? Angechekwa nani? Hapo mimi sina jibu, kaka, na mtoto akifika hapo usijifanye unalo.

FundiSpika_Malindi

Kaka mwalimu, salamu kutoka Malindi. Mchana natengeneza spika na amplifaya, usiku wa harusi napiga fidla. Nimesoma uzi huu kwa hamu nikakuta umeruka sehemu tamu kuliko zote: mchanga!

Mwaka 1808 alifika Paris Mjerumani mmoja, Chladni, na onyesho lake. Anashika bamba jembamba, anamwagia mchanga juu, kisha anaburuta upinde wa fidla ukingoni. Bamba linalia, na mchanga unakimbia wenyewe na kujipanga: nyota, misalaba, mapindo kama ya nakshi za milango yenu hapo Lamu. Mchanga unakimbia panapotetema na kutulia pasipotetema. Napoleon aliona, akapendezwa, na tuzo ikatangazwa kwa atakayeeleza kwa hesabu kwa nini mchanga unajipanga hivyo. Wakubwa wengi waliona hesabu iliyokuwepo haitoshi kwa kazi hiyo, wakakaa kando.

Sophie akaingia. Mwaka 1811 karatasi iliyopelekwa ilikuwa moja tu, yake, na ilikuwa na makosa. Hakuwahi kufundishwa darasani, na mapengo yalionekana. Wakaongeza muda. Mwaka 1813 akatajwa kwa heshima lakini hakupewa tuzo. Januari 1816 akapewa. Mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Paris, na safari hii kwa jina lake. Siku ya sherehe watu walijaa kumwona, yeye hakutokea. Mimi hapo ndipo nilipompenda. Miaka mitano na kitu kwa sahani moja ya mchanga, halafu unakaa nyumbani.

Wafanyieni wasichana. Bamba la bati au shaba, bapa, lisiwe limepinda hata kidogo. Toboa katikati, likaze kwa skrubu moja juu ya kigingi. Tumia chumvi laini iliyokaushwa juani, maana mchanga wa pwani yetu ni mzito na una unyevu. Upinde upake ulimbo, la sivyo utateleza tu. Gusa ukingo kwa kidole kimoja, buruta upinde mahali pengine pa ukingo, toka juu kwenda chini. Ukihamisha kidole, umbo linabadilika. Asiye na upinde aweke bamba juu ya spika na kupandisha sauti polepole.

La pili, namba zake. Namba tasa mnazifundisha: ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Twaa namba tasa, zidisha kwa 2, ongeza 1. Ikitoka tasa nyingine, ile uliyoanzia inaitwa namba ya Sophie Germain. 2 inatoa 5. 3 inatoa 7. 5 inatoa 11. 11 inatoa 23. Lakini 7 inatoa 15, imekwama. 13 inatoa 27, imekwama. Alikuwa akizitumia kulisogelea fumbo la Fermat, lile lisemalo huwezi kupata namba nzima tatu, bila sifuri, ambazo mbili zikipandishwa kipeo cha 3, au cha 4, au zaidi, zikajumlishwa, zikalingana na ya tatu kwa kipeo hicho hicho. Alionyesha kwamba kipeo kikiwa namba ya aina yake, kuanzia 3, basi jibu kama lingekuwepo, moja ya zile tatu ingelazimika kugawanyika kwa kipeo chenyewe. Wengine walikuwa wakipambana na kipeo kimoja kimoja. Yeye alivua kwa jarife. Mwanahisabati Legendre alipoitoa kazi hiyo alimtaja kwenye tanbihi, chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Fumbo zima lilimalizwa na Andrew Wiles miaka ya 1990. Na hadi leo hakuna aliyethibitisha kama namba za Sophie zinakwisha au haziishi.

Swali la uongo nawaachia maustadh.

Mshona_Kofia

Mwanangu mwalimu. Naandikiwa na mjukuu wa dadangu. Mimi nasema, yeye abonyeza, na maneno yangu akiyavisha Kiswahili cha shule simlaumu.

Kwanza, hawa wote wakuita kaka. Mimi nimewauliza hapa nyumbani, mtoto wa kike wa miaka kumi na mitatu atamnong'oneza mwalimu mwanamume sikioni? Lamu hii? Wewe ni mwanamke. Haya, tuendelee.

Nalizaliwa Mkomani. Tulikuwa wawili, mimi na kakangu, amenizidi mwaka mmoja. Yeye akapelekwa shule, mimi chuoni kwa Kurani, na nilipofika miaka kumi na miwili nikawekwa ndani kama walivyowekwa wenzangu. Nde nilikuwa nikikuona kwa tundu ya dirisha tu. Sikuona ni dhuluma. Nilijua ndiyo dunia.

Kaka alikuwa hodari wa mpira na kuogelea, hesabu zikimpiga chenga. Jioni alitupa mabuku yake ukumbini akatoka. Mimi nayafungua. Kuzidisha nalijifunza kwa kutazama mistari yake myekundu, palipokuwa na alama ya kosa najiuliza kosa liko wapi. Baada ya muda nikawa naliona. Siku moya nikamwambia, hii hapa hivi. Akanitazama, akanipa kalamu. Tangu siku hiyo hesabu za nyumbani zikawa zangu. Nikizifanya usiku kwa kandili, chini ya shuka, na mama akipita akisema, "Ndoo ulale, mato yatapofuka. Mwana wa kike hesabu za nini?" Kwa hiyo huyo Mfaransa na mishumaa yake simwonei ajabu. La baridi tu ndilo silijui.

Mwalimu wa kaka akamsifu mbele ya darasa. Kaka akaja kunihadithia, tukacheka mpaka tukashika matumbo.

Sasa nilitakalo kumwambia huyo mtoto wako ni hili, na sijapata kulisema. Kulikuwa na hesabu ya shilingi na senti, ya kutoa, ndefu, na mimi nilikuwa na homa. Nikasahau kurudisha moja niliyoikopa. Kosa dogo. Asubuhi kaka akaipeleka kama ilivyo. Akachapwa viboko vinne vya mkono, kwamba mtoto hodari hakosei ila kwa kiburi. Akarudi, hakunambia neno. Nikamwona wakati wa kula, anashika tonge kwa ncha za vidole. Huyo ustadh amesema, kama kazi ingekuwa mbovu angechekwa nani. Mimi namjua aliyechapwa.

Hivyo mtoto asiambiwe kwamba jina la kuazima ni kitu chepesi. Lina mwenyewe. Na asiambiwe ni dhambi kubwa vile vile. Niliendelea kuzifanya hesabu zile miaka mitatu mingine, na kila usiku nilizipitia mara mbili. Sikuwa na mwalimu mkali kuliko ile mikono yake.

Kaka alipata kazi ya afisi bara. Hakuwahi kumwambia mtu, nami sikuwahi kumdai.

Mimi nikashika sindano. Kofia ya vito, mwanangu, ni hesabu tupu. Vitundu vikipishana hata kimoya upande huu, duara halifungi ukifika mwisho, na wewe umeshashona wiki sita. Nagawa duara kwa uzi: naukata uwe sawa na mzingo, naukunja mara tatu nina manane, mara nne nina kumi na sita. Wakitaka nakshi ya kumi na mbili hapo ndipo kazi, maana lazima kwanza ukunje kwa tatu, na uzi haukunjiki kwa tatu kwa kukisia. Yeyote anayevaa kofia yangu harusini hajui ni yangu. Yuwamjua mwenye duka.

La mwisho ni la huyo fundi wa Malindi. Namba tasa. Mimi sikujaaliwa kuzaa, na neno hilo limepitishwa pembeni mwa masikio yangu miaka arubaini, watu wakidhani sisikii. Nilipoambiwa kuna namba zaitwa hivyo nikasema hata huku wamefika! Kisha mjukuu akanisomea: izidishe kwa mbili, ongeza moya, yatoka nyingine. Nikamwambia rudia. Mbili, tano, kumi na moya, ishirini na tatu, arubaini na saba. Kisha tisiini na tano, hiyo yagawika kwa tano, basi. Nimekwenda kwa kichwa tu nikiwa na sindano mkononi. Tasa imetoa tasa imetoa tasa. Nimecheka peke yangu.

Huyo bibi mwenyewe alikuwa na watoto?

FundiSpika_Malindi

Bi, shikamoo. Hakuolewa, hakuzaa. Alitunzwa na mali ya baba yake mpaka mwisho.

Na uzi wa kukunja kwa tatu nimeujaribu hapa dukani mara sita. Bado.

Mwalimu_Langoni

Bi, shikamoo tena na tena. Umenikamata.

Ndiyo, mimi ni mwanamke. Nilipojiunga humu miaka minne iliyopita nilijiandikisha kwa jina ambalo lilionyesha hivyo. Niliuliza swali moja kuhusu kufundisha vipeo. Nikapata majibu tisa: mawili ya vipeo, saba yakiuliza kama nimeolewa. Nikafuta akaunti, nikarudi na hii. Sikusema mimi ni mwanamume. Sikuhitaji kusema. Kiswahili kimenisitiri, hakina neno la kumtenga yeye mke na yeye mume, na "mwalimu" ni mwalimu. Kifaransa kingemsaliti Sophie kwenye kila sifa anayojipa, asipoandika kama mwanamume sentensi hadi sentensi. Mimi ni kunyamaza tu, na makaka wakanipa ukaka. Ndiyo sababu mtoto aliponinong'oneza nilikosa la kusema. Nilidhani ananiuliza mimi.

Leo ni Jumamosi usiku, nawapa habari.

Niliwasomea jibu la Ustadh kwanza. Wakakubali haraka mno, nikaona wamefurahi kwamba shujaa wao amesafika. Ndipo nikawasomea ya Bi, bila kutaja mtaa. Nilipofika kwenye vidole na tonge, chumba kikanyamaza, hata punda. Yule mdogo akauliza: "Aliomba msamaha?" Sikuwa na jibu. Bi, ukipenda umjibu, na usipopenda basi.

Kisha nikawamalizia maisha. Kwamba hata baada ya tuzo, vikao vya Chuo cha Sayansi hakuruhusiwa kuhudhuria mpaka miaka ya 1820, mwanahisabati Fourier alipokuwa katibu na kumfungulia mlango. Kabla yake wanawake walioingia walikuwa wake za wanachama. Kwamba alipatwa na saratani ya matiti mwaka 1829 na akaendelea kuandika. Kwamba alifariki tarehe 27 Juni 1831, ana miaka 55, na kwenye cheti cha kifo, pale pa kazi, wakaandika kwamba ni mtu wa kuishi kwa mapato ya mali yake. Hisabati haikutajwa. Mmoja wa wakubwa, yule anayetaka kuwa wakili, akasema basi mwanzo walikuwa na hesabu yake bila jina lake, na mwisho wana jina lake bila hesabu. Nikaandika ubaoni. Sikuwa nimeliona.

Nikawaambia na langu, la akaunti. Wakacheka sana, hasa ya majibu saba. Yule mdogo hakucheka. Akasema: "Basi mwalimu, badilisha jina." Nikamwambia naliwaza. Kweli naliwaza. Mnaona bado sijalibadilisha.

Bamba tulijaribu kwa sinia la chai. Halikutoka umbo hata moja, lina ukingo uliokunjwa na limepinda katikati. Chumvi iliruka yote ikaingia kwenye mahamri. Fundi, kama unaye mtu anayekuja Lamu wiki hii mpe kipande cha shaba, nauli ya mzigo nitalipa mimi.

Lililowashika ni namba. Nilianza kwa mbili kama alivyofanya Bi, wakafika 47 wakakwama kwenye 95. Nikawaacha watafute mnyororo mrefu zaidi. 41 ikawapa 83, 83 ikawapa 167, halafu 335, mwisho. Saa kumi ikapita, hakuna aliyevaa viatu. Madrasa nimeharibu mimi, na Ustadh anisamehe. Jioni, baada ya magharibi, nikasikia hodi. Ni yule mdogo, na kakake aliyemsindikiza amesimama nje na baiskeli. Ana karatasi ya kufungia mkate: 89, 179, 359, 719, 1439, 2879. Zote amezijaribu moja moja kwa kugawa, pembeni kumejaa penseli. Ya saba, 5759, ilimpa shida usiku mzima wa jana, maana alishaanza kabla sijafundisha, alisoma uzi huu kwa simu ya mamake. Inagawanyika kwa 13. Inatoa 443.

Anauliza kama upo mnyororo unaoizidi sita. Anayejua asiandike namba yenyewe hapa, anasoma. Mpeni kidokezo tu.